Databesi za kemikali za bure: tuziamini kiasi gani?

Juzi hapa Malindi mpwa wangu, anasoma kemia chuoni, alikuwa amekaa chini ya mwarobaini wetu wa uani akafungua simu akaandika azadirachtin, ile kemikali ya kwenye kokwa za mwarobaini inayozuia wadudu kula, PubChem, databesi ya bure ya kemikali, ikamletea yote, fomyula C35H44O16, uzito wa molekuli kama 720.7, mchoro, mpaka majaribio iliyofanyiwa. Kwa bando dogo tu! Mie zamani zangu ningeisaka kwenye vitabu mpaka nichoke.

Sasa wako wanaosema cha bure hakina dhamana, na hilo si la kupuuza. PubChem ilianzishwa 2004 na NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, haukupita mwaka American Chemical Society, chama cha wanakemia wa Marekani, wakalalamika serikali inawaingilia biashara, manake wao wanauza CAS, huduma ya taarifa za kemikali, kazi iliyoanza 1907, wataalamu wanasoma majarida na kuingiza data wenyewe. PubChem inapokea kutoka kwa wachangiaji mamia, kemikali zishapita milioni 100, mmoja akikosea mwengine ananakili, we ukiona kosa pahala patatu unadhani ni mashahidi watatu kumbe mdomo mmoja. Na kwa molekuli kama hii kosa dogo si dogo, ina kaboni 16 ambazo kila moja yaweza kuelekea huku au kule, geuza moja tu ushapata kitu chengine kabisa. Hata wanasayansi walioitoa kwenye mwarobaini 1968 hawakulijua umbo lake, lilikuja kuthibitika miaka ya 80, na kabla ya hapo lilishachapishwa lisilo sahihi.

Bado mie niko upande wa bure. Kwanza si kweli kwamba bure ni lazima iwe ovyo, ChEMBL, databesi nyengine ya kule Uingereza, nayo ni bure na ina watu kazi yao kusoma majarida na kuchambua data. Halafu huduma ya kulipia inafaa chuo chenye pesa, huyu kijana wa chini ya mwarobaini hangeiona maishani.

Linaloniuma ni jengine. Nilimwambia asimeze tu, afuate chanzo mpaka makala ya mwanzo. Akafuata. Jarida likataka alipe dola kabla ya kusoma. Yani rekodi ni bure ila cha kuihakikishia kimefungiwa! Tumemwandikia mwandishi barua pepe kumuomba nakala, tunasubiri.