--git-ignore-new: funika kombe mwanaharamu apite

Juzi usiku kwenye grupu moja la WhatsApp la watu wa Linux hapa Dar kijana kauliza swali zuri tu, kistaarabu kabisa: "Wakuu shikamooni, gbp inanigomea kubildi, inasema nina vitu sijakomiti, nafanyaje?" (Gbp ni git-buildpackage, tuli, yaani programu, ya kutengeneza pakeji za Debian, zile za kusakinisha programu kwenye Linux ya aina hiyo, kutoka kwenye repo ya git, stoo inayotunza kila badiliko la kodi. Kukomiti ni kulisajili badiliko humo, kubildi ni kuitengeneza pakeji yenyewe.) Hata dakika haijaisha kashushiwa hii:

gbp buildpackage --git-ignore-new --git-ignore-branch -us -uc

Yaani iambie gbp ifumbie macho ambavyo hujakomiti. Vidole gumba vikamiminika. Mmoja akaongeza "hiyo ndo dawa mdogo wangu, isevu kabisa uwe nayo". Isevu! Watu zaidi ya mia kwenye grupu, wengine wana miaka kumi kazini, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza we kijana umebadilisha nini huko ndani.

Mi nikamfata inboksi nikamwambia anipigie skrinishoti ya git status, amri inayoonyesha kipi hakijakomitiwa. Akatuma. Kumbe hajabadilisha kitu chochote, ni mabaki ya bildi ya jana yake tu, debian/files, debian/.debhelper, na lile folda la debian/ lenye jina la pakeji, yote yamekaa pale git haiyajui na gbp ikiona faili lisilojulikana inahesabu repo ni chafu. Dawa yake ni mistari mitatu kwenye debian/.gitignore, faili la kuiambia git nini isijali, au bora zaidi abildi nje kwa --git-export-dir=../build-area ili repo isichafuke kabisa. Basi. Mtu alikuwa anahitaji kufagia, wao wakampa miwani ya giza.

Sasa kabla sijawasha moto niseme hili, na nalisema kwa shingo upande: nusu ya lawama ni ya tuli yenyewe. Soma ujumbe wa kosa unaotokea pale. Mstari wa kwanza unakwambia una mabadiliko ambayo hujakomiti, inakuonyesha git status, halafu mstari wa mwisho, ule ambao jicho linatua, unasema "Use --git-ignore-new to ignore." Yaani mlinzi anakuzuia getini halafu papo hapo anakuonyesha ukuta ulipobomoka. Namheshimu sana Guido Günther aliyeiandika git-buildpackage, tuli imetulia na inafanya kazi nzito, ila mstari ule umeharibu watoto wa watu. Ungesema "komiti kwanza" tungekuwa mbali.

Haya. Kwa nini nakereka hivi kwa opsheni moja.

Kuna mteja ambaye sitamtaja, ana matawi mikoani, Mbeya, Lindi, mpaka kule ndani ndani, kila tawi lina kimashine cha Debian kinachochapa risiti. Pakeji yenyewe tuiite risiti. Tatizo likawa umeme ukikatika usiku ukarudi alfajiri, mashine zinawaka zenyewe, huduma ya risiti inaanza kabla mtandao haujasimama, inakosa seva, inakufa. Saa mbili asubuhi foleni ya wateja imejaa, hakuna risiti, meneja wa tawi anapiga simu Dar anatukana. Jamaa mmoja akarekebisha. Mistari miwili kwenye debian/risiti.service, Wants=network-online.target na After=network-online.target, yaani subiri mtandao kwanza. Akabildi, akaweka kwenye repo ya apt ya mteja, ghala ambako mashine zinavuta pakeji, toleo 2.4-3, matawi yakavuta, kimya. Kila mtu akamsifu.

Miezi ikapita. Ikaja 2.4-4, mtu mwingine, badiliko dogo la nembo tu kwenye risiti, bildi safi kabisa kutoka kwenye git. Wiki hiyo hiyo umeme ukakatika Mbeya, na asubuhi simu zikaanza upya. Watu wakachanganyikiwa maana hili si tulishalimaliza? Wakafungua git, tagi ya debian/2.4-3, ile alama inayosema komiti ipi ndo toleo hilo, ipo, wakaangalia:

git show debian/2.4-3:debian/risiti.service

Hamna. Hakuna Wants, hakuna After. Wakabishana nusu siku nzima kama kweli liliwahi kurekebishwa au tuliota wote. Mpaka mmoja akapata akili akalichukua lile faili la .deb la 2.4-3 kutoka kwenye repo, akalifungua kwa dpkg-deb -x, na mle ndani, ee bwana, mistari miwili ipo imekaa vizuri kabisa. Pakeji inayo. Git haina. Tagi inasema 2.4-3 ni hii, na tagi inadanganya mchana kweupe.

Kilichotokea mnakijua. Jamaa alibadilisha faili, hakukomiti, gbp ikamgomea, akapachika --git-ignore-new, na pembeni kaweka --git-tag kama kawaida yake. --git-tag baada ya bildi kufaulu inagonga tagi kwenye komiti iliyopo, haiangalii kama ulichobildi ndo kilichopo kwenye komiti, kazi ya kuangalia ilikuwa ya ule ukaguzi aliouzima. Marekebisho yakabaki kwenye laptopu yake, na laptopu ikaondoka nayo siku alipohamia kazi nyingine. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa anazima moto saa tano usiku. Lakini wale waliompa ile mstari wa amri miaka nyuma "isevu kabisa" wako wapi leo?

Na kuna sarakasi nyingine ambayo wapenzi wa hii opsheni hawaijui na inanichekesha kila nikiiona. Ukiwa umeweka --git-export-dir, gbp haibildi hapo ulipo, inatoa nakala kwanza, na kama hujasema vinginevyo inachotoa ni HEAD, yaani komiti ya mwisho. Kwa hiyo unabadilisha faili, hukomiti, unapiga --git-ignore-new, inabildi bila kelele, unapeleka kwa mteja, na badiliko lako halimo! Halafu mtu anashinda kutwa anasema "systemd ina bagi", yaani analaumu programu inayowasha huduma za Linux. Kama kweli unataka kubildi kilichopo mkononi unasema --git-export=WC, au INDEX ukitaka ulichokwisha git add. Kwa hiyo opsheni ile ile moja, kwa huyu inaingiza kitu ambacho git hakina, kwa yule inaacha nje kitu alichokitaka, na wote wawili wameambiwa ni dawa.

Najua mtu atakuja hapa chini kusema "kaka, sasa nikijaribu postinst si nitakomiti upuuzi kila baada ya dakika mbili?" Postinst ni skripti inayokimbia pakeji ikishasakinishwa. Sawa. Kwa majaribio kwenye mashine yako, pakeji ambayo haitatoka nje ya chumba chako, tumia, sina ugomvi. Ingawa hata hapo gbp dch --snapshot, amri inayoandika orodha ya mabadiliko ya pakeji, ingekupa namba ya toleo inayojionyesha wazi kwamba ni ya majaribio, na komiti za hovyo unazifinyanga baadaye kwa git rebase -i, lakini haya, tumia. Ninachokataa ni pakeji inayoenda kwa mteja.

--git-ignore-branch sitaiongelea sana, ni uvivu tu. Gbp bila kuambiwa inategemea branchi, ule mkondo wa kazi ndani ya git, inaitwa master, yako inaitwa debian/latest, basi iambie. Mara moja. Usiizibe mdomo kila siku.

Na wale wanaolalamika kwamba opsheni zake ndefu, kila kitu kinaanza na --git-, hapo naitetea gbp mpaka kesho. Kiambishi kile kipo kwa sababu chochote kisichoanza na --git- gbp inakipitisha kama kilivyo kwa programu inayobildi, ambayo kwa kawaida ni debuild, nayo inapeleka dpkg-buildpackage. Ndo maana -us -uc inafanya kazi pale, si ya gbp ile, ni ya dpkg, usisaini sosi na usisaini faili la .changes. Nusu ya watu wanaoibandika hawajui hata inazuia nini, wanaona tu mistari yote mtandaoni inaishia hivyo kama aamina. Nakubali lakini kwamba inauma ukitoka gbp buildpackage --git-debian-branch ukienda gbp dch inakuwa --debian-branch tu, maana huko hakuna wa kumpitishia. Vidole vinakosea kila siku.

Lakini jamani, mbona mnaziandika kabisa? Hili ndo linalonimaliza. Kuna faili linaitwa debian/gbp.conf. Linakaa ndani ya repo, linakomitiwa, kila anayeklonu analipata bila kuuliza mtu grupuni saa nne usiku. Unaandika hivi:

[DEFAULT]
debian-branch = debian/latest
upstream-branch = upstream/latest
pristine-tar = True

[buildpackage]
export-dir = ../build-area/

Bila --git- yoyote. Ile ya DEFAULT inasomwa na buildpackage, import-orig, dch, wote. Basi ukitaka kubildi unaandika gbp buildpackage ukanywe chai. Hiyo pristine-tar, inayorudisha faili la sosi asilia (orig) kama lilivyokuwa bila kubadilika hata herufi, peke yake ingetuokoa ugomvi mmoja wa kijinga, ambapo mtu wa Kijitonyama na mtu wa Mbezi wote walibildi toleo lile lile, faili la orig jina lile lile, hashi (alama ya kidijitali ya faili) mbalimbali, mmoja alitumia pristine-tar mwingine gbp ilimtengenezea kutoka kwenye tagi, reprepro, programu inayopanga repo ya apt, ikakataa kupokea, na wakashinda wanalaumu bando.

Ila sisi tunapenda amri ya siri. Tunapenda kuwa yule mzee anayejua "mstari". Kwenye ofisi kibao nilizopita, jinsi ya kubildi pakeji iko kwenye history ya bash ya mtu mmoja, na huyo mtu akiwa kwenye foleni ya Mwenge kazi imesimama, anasubiriwa ashuke atume mstari. Tunaita uzoefu.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike haya badala ya kulala. Baada ya hotuba yangu kwa kijana, akanielewa, akaenda kuandika debian/gbp.conf kwenye repo ya kazini kwao. Mkubwa wake akaipitia, akaisifia, halafu akaongeza mstari mmoja kwenye [buildpackage] kabla ya kupokea:

ignore-new = True

Ndiyo, inakubalika, gbp inaipokea bila kukunja uso. Sasa ukaguzi umezimwa kwa kila mtu, rasmi, kwenye git, kwa komiti nzuri yenye maelezo "kurahisisha kazi". Kijana kanitumia skrinishoti na kiemoji cha kucheka, mi sikucheka.

Nilichomwambia ni hiki, na wenye mashine ya kubildia kichukueni pia. Amri ya mkononi inashinda faili lolote la konfigi, na opsheni za aina hii zina kinyume chake. Kwenye ile seva inayotoa pakeji za wateja, weka kwenye skripti:

gbp buildpackage --git-no-ignore-new --git-no-ignore-branch --git-tag

Hapo mkubwa abadilishe gbp.conf anavyotaka, kwenye seva ukaguzi uko pale pale. Na ukiwa na wasiwasi ni thamani gani inayotumika, maana gbp inasoma /etc/git-buildpackage/gbp.conf, halafu ~/.gbp.conf yako, halafu za ndani ya repo, mpaka .git/gbp.conf ambayo hakuna anayeikumbuka, na ya mwisho ndo inashinda, piga gbp config buildpackage ikuonyeshe inachokiona yenyewe. Kijana kapiga, akakuta na keyid, namba ya ufunguo wa kusaini, ya mtu aliyeacha kazi bado imo kwenye /etc.