Mpokeaji mgeni, usimwachie kompyuta

Mwanachama wa chama chetu cha kuweka na kukopa aliomba mkopo wa ada ya mwanawe. Nitamwita Salma, ingawa si jina lake. Kamati ilimkatalia kwa sababu mdhamini wake alikuwa na deni ambalo hajamaliza, na mimi ndiye niliyepaswa kumwandikia. Hatukuwahi kumtumia barua pepe hata siku moja. Anwani yake ilikuwa kwenye fomu, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, nami nilikuwa na fomu hiyo mkononi.

Nikafungua barua mpya, nikaandika "salm" kwenye mstari wa mpokeaji. Kompyuta ikanimalizia jina. Nikabonyeza kitufe cha Tab kulikubali, nikaendelea na mengine, nikatuma. Barua ikamfikia Salma mwingine, mwanachama wetu wa siku nyingi, anayekaa mtaa mmoja na yule mdhamini. Kesho yake kabla ya adhuhuri mdhamini alikuwa mbele ya meza yangu. Nilimvutia kiti, akakataa kukaa. Deni lake lilikuwa siri kati yake na chama, na sasa majirani wanalizungumza. Nilimwomba radhi. Sikuwa na neno jingine la kumwambia.

Tangu siku ile nimelifikiria sana jambo hili, na nimefika mahali ambapo sirudi nyuma: barua ya mtu unayemwandikia kwa mara ya kwanza isipite kwenye majina yanayopendekezwa na kompyuta.

Sababu iko kwenye namna kazi hii inavyofanyika. Programu haimjui mtu yeyote, inakumbuka tu. Outlook, programu ya barua pepe inayotumika maofisini, huweka orodha ya watu uliokwisha kuwatumia barua. Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, nayo usipoizuia huchukua kila anwani uliyoitumia na kuiweka kwenye kitabu cha anwani zilizokusanywa. Ukiandika herufi mbili tatu, zinachekecha humo. Sasa mpokeaji mgeni humo hayumo! Kama hujamwingiza wewe mwenyewe kwenye kitabu cha anwani, basi kila jina unaloletewa ni la mtu mwingine. Hakuna bahati nasibu hapo, umeshakosea kabla hujachagua.

Na kwetu hatari inazidi. Mtoto hupewa jina la babu au bibi, likafuatiwa na la baba, na majina yaleyale yakazunguka kwenye ukoo mmoja vizazi na vizazi. Ofisi yoyote ya pwani ina akina Salim, Fatma, Hamisi na Mwanaidi wasiohesabika, na mara nyingi majina mawili ya mwanzo yanafanana kabisa. Jina peke yake halitoshi kumtambulisha mtu, sembuse herufi zake nne.

Asifikirie mtu kwamba haya ni ya ofisi ndogo kama yetu. Novemba 2014, kabla ya mkutano wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, mjini Brisbane, ofisa wa idara ya uhamiaji ya Australia alituma taarifa za viongozi 31 wa dunia, pamoja na tarehe zao za kuzaliwa na namba za pasipoti, kwa mtu wa kamati iliyokuwa ikiandaa mashindano ya soka ya Kombe la Asia. Barack Obama alikuwemo, Vladimir Putin na Angela Merkel pia. Idara yenyewe ilieleza kwamba ofisa huyo hakuhakiki jina ambalo Outlook ilimjazia kwenye mstari wa mpokeaji. Nilipoisoma habari hiyo niliuona mkono wangu mwenyewe ukibonyeza Tab.

Kuna wenzangu wanaoniambia kuandika kwa mkono nako kuna makosa yake. Ni kweli, na sibishi. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba barua pepe nyingi mno zilizokusudiwa kwenda jeshi la Marekani zilikuwa zikielekezwa Mali, kwa sababu waandishi waliruka herufi moja: anwani za jeshi huishia na .mil, za Mali huishia na .ml. Kwa hiyo sisemi kwamba mkono haukosei. Ila anwani iliyokosewa kwa mkono mara nyingi haina mwenyewe, barua hurudi, nawe unajua. Inayojazwa na kompyuta karibu kila mara ina mwenyewe, na ataisoma.

Mimi siku hizi mstari wa mpokeaji naujaza mwisho. Naandika barua, naweka kiambatisho, nakifungua nione ndicho chenyewe, ndipo naishika fomu. Naanza kwa kumwingiza mgeni kwenye kitabu cha anwani, na sitosheki na jina. Naongeza kinachomtenga na wenzake: "mwalimu, Pongwe", au "duka la dawa, barabara ya kumi na mbili". Halafu namtumia salamu fupi isiyo na siri yoyote, nikimwomba anithibitishie kuwa ni yeye. Akijibu, barua yenye mambo yake naituma kwa kulijibu jibu lake. Anwani inakuwa imetoka kwake mwenyewe, si kwenye kumbukumbu yangu wala ya mashine. Inachukua siku moja zaidi, wakati mwingine mbili. Barua ya mkopo inaweza kungoja siku mbili.

Wageni wakiwa wengi kwa mpigo, wote wanakaa kwenye Bcc, mstari unaoficha anwani ya kila mmoja kwa wenzake. Mwaka 2015 kliniki moja ya London iliweka anwani za watu zaidi ya 700 mahali ambapo kila mmoja aliwaona wenzake, na wengi wao walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Msitegemee kuirudisha barua. Outlook ina amri ya kuivuta, lakini haifiki nje ya taasisi yako, na barua yangu ilikwenda kwenye simu ya mtu nyumbani kwake. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami siioni kama mzigo wa karatasi tena. Nimemwona anayelindwa nayo, amesimama mbele yangu.

Kwa hiyo nina ombi kwa mnaotuwekea kompyuta maofisini. Kazi hii ya kujaza majina kwenye programu nyingi huzimwa katika mipangilio, mara nyingi ni suala la kuondoa alama moja tu. Izimeni kwa anayeshika mishahara, mikopo na majibu ya hospitali, kabla hajakabidhiwa hiyo kompyuta. Na mnapompa kompyuta iliyotumiwa na mtu mwingine, futeni kwanza majina yaliyoachwa humo.