Udongo wa Boho na mauti ya Ballyvadlea

Huko Boho, kaunti ya Fermanagh, Ayalandi ya Kaskazini, mgonjwa huchota udongo kidogo makaburini, akaufunga kitambaani na kuulalia chini ya mto, kisha huurudisha siku ya nne isijapita. Padri James McGirr, aliyefariki mwaka 1815, aliahidi kwamba udongo utakaomfunika utaponya yote aliyoyaponya mwenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea walitangaza kwamba wamekuta humo bakteria wa jamii ya Streptomyces anayezuia vijidudu sugu, wakiwemo MRSA, bakteria wasiosikia antibiotiki nyingi.

Watetezi wa tiba za jadi wana haki ya kufurahi, ila kwa kiasi. Jamii hiyo ya bakteria imejaa ardhini sehemu nyingi, na ndiyo iliyotupa dawa ya streptomaisini mwaka 1943. Tena, kuzuia vijidudu maabara si kumponya mtu aliyelalia kifurushi. Mila imetuonyesha pa kuchimba. Zaidi ya hapo bado.

Tiba nyingine hazina hata hilo. Mtoto wa kifaduro alipitishwa mara tatu chini ya tumbo la punda, au alilishwa mkate na mwanamke aliyeolewa na mume wa jina la ukoo lilelile alilozaliwa nalo. Wanafunzi wa shule za msingi zipatazo 5,000 za Ayalandi walikusanya masimulizi ya wazee kati ya 1937 na 1939, tiba kama hizi zikiwemo. Nikiyasoma namwona mama akigonga mlango wa jirani, naye jirani anakata mkate. Kifaduro hakikupona kwa hilo, lakini mama hakuachwa peke yake. Nisingependa tulidharau.

Mila za ndoa zinanitia wasiwasi zaidi. Pete ya kubashiri ndoa, iliyofichwa ndani ya mkate wa Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba, ilikuwa furaha tupu. Lakini Kwaresima haikuwa na harusi, na aliyeingia Kwaresima bila mwenzi alichorwa chaki mgongoni siku ya Jumapili, mbele ya kijiji kizima.

Halafu yuko Bridget Cleary wa Ballyvadlea, kaunti ya Tipperary. Machi 1895, akiwa na miaka 26, aliugua. Daktari alishamwona. Mumewe, Michael, akashikilia kwamba mke wake halisi kachukuliwa na viumbe wa ghaibu, na huyu kitandani ni wa kubadilishwa. Bridget alinyweshwa kwa nguvu mitishamba iliyochemshwa katika maziwa, kisha mumewe akamchoma moto. Michael alitumikia kifungo cha miaka 15. Udongo wa Boho huchukuliwa na anayeutaka. Bridget alishikiliwa kitandani na binamu zake, baba yake akiwemo humo nyumbani.