Subaru Ilibaki Donholm, Ekzosi Ikaja Mjini

Wateja wa hapa Grogan, mtaa wa magereji Nairobi, huleta gari, au huleta maneno. Huyu alileta ekzosi. Bomba lote la mbele la Subaru Impreza iliyoingia nchini kabla ya M-Pesa, limeviringishwa kwa shuka la waridi, pembe zake mbili zimejitokeza juu kama manati ya jitu. Alipanda nalo matatu kutoka Donholm. Makanga akamtoza viti viwili, na mama aliyeketi kando yake alishuka na masizi mpaka kwenye mkoba.

"Fundi," akaniambia, "sensa ya oksijeni imekataa kutoka kwa gari. Basi nikatoa gari kwa sensa."

Nikamuuliza mashine ya kusoma makosa iliandika nini. "P0135," akajibu bila kupepesa macho. Hiyo ni hita ya sensa ya mbele, ile inayokaa kabla ya katalitiki, kisafisha moshi. Na sensa ya mbele ilikuwa pale pale kwenye bomba lake, imeng'ang'ania. Mfukoni alikuwa na mpya, bado iko kwenye boksi. Mambo yakaonekana yameiva.

Sensa hii ni kidude kidogo cha kupima oksijeni kwenye moshi, lakini kina kiburi. Uzi wake ni wa milimita 18 kwa 1.5, kichwa kinataka spana ya 22. Ikiwa mpya unaikaza kwa Nm 45 hivi, mvuto wa mkono mmoja. Kisha miaka inapita: bomba linapata moto mkali, linarushiwa maji ya madimbwi ya Outering, linapoa, linapata moto tena. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hivyo ule mwanya mwembamba kati ya nyuzi unajaa mpaka unabana. Hapo nguvu peke yake haisaidii.

Mteja wangu alikuwa ameipulizia dawa ya kutu, akangoja dakika tano (inataka usiku mzima, upulizie tena asubuhi), kisha akaivamia kwa ile spana ya kurekebisha mdomo ambayo mafundi huiita spana malaya, mniwie radhi. Pembe tatu kati ya sita zilikuwa zimeliwa. Kibaya zaidi, alijinyima dawa rahisi kuliko zote: gari likiwa zima, unawasha injini dakika kumi, unazima, unavaa glavu nene na kujaribu bomba likiwa bado moto, kwa sababu kile kiti cha sensa kilichowelidiwa kwa bomba hutanuka na kulegeza mshiko. Sasa injini ilikuwa Donholm, na joto lilikuwa Donholm.

Ushauri, hata hivyo, haukukosekana. Wa redieta akasema imwagiwe soda. Wa breki akasema mafuta ya breki. Muuza mayai akasema turudishe ekzosi kwa gari na tuuze gari.

Mimi nikasema jambo moja: hii inataka moto. Nikamwachia mwanafunzi wangu kazi ya kukata nyaya tu, nikaenda kwa jirani kuomba mtungi wa gesi. Nyaya hukatwa kwa sababu hii: soketi ya sensa ina mpasuo ubavuni wa kupitisha nyaya, na mpasuo huo ndio ugonjwa wake. Ukivuta kwa nguvu inapanuka mdomo, inaruka, na kichwa kinabaki mviringo. Sensa unayotupa haina haja ya nyaya. Zikate, uvishe soketi ndefu ya pembe sita isiyo na mpasuo.

Nyuma yangu, mwanafunzi na mteja wakaona mambo yanachelewa. Wakabana bomba kwenye vaisi. Wakavisha soketi yenye mpasuo, ikapanuka, ikaruka. Wakavisha spana ya ringi. Juu ya spana wakachomeka paipu ya maji ya karibu mita moja na nusu, na wanaume wawili wakaning'inia, mmoja akiwa na tai shingoni.

Vaisi yetu imefungwa kwenye meza. Meza, kwa sababu ya wezi wa usiku, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibanda cha mama chai. Fizikia ikafanya hesabu yake haraka. Sensa haikusonga hata unywele. Vaisi haikusonga. Iliyozunguka ni meza, na mnyororo ukaing'oa nguzo mzima mzima na simiti yake. Bati la paa likainama upande mmoja, na maji yote ya mvua ya usiku yakashuka kwa mpigo: nusu kwenye sufuria ya chai, nusu kwenye shingo ya mhasibu wetu. Ndiyo, yule mteja wa tai ni mhasibu. Chapati ziliponea kwenye hotipoti, zote isipokuwa ile iliyokuwa kwenye kikaango, ambayo ilitoka supu.

Nilirudi na mtungi nikamkuta mama chai amesimama na mwiko mkononi. "Fundi," akasema kwa upole wa kutisha, "kuna mtu anaulizwa hapa." Mwanafunzi wangu alikuwa tayari upande wa pili wa barabara, anasoma bango la kanisa.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Pembe zilizoliwa nilizigongelea soketi ya 21 kwa nyundo mpaka ikauma. Nikafuta dawa yote ya kutu kwanza, maana moshi wake hushika moto usoni. Moto nikaupeleka kwenye kile kiti kilichowelidiwa kwa bomba, siyo kwenye sensa, kwa sababu ndicho tunachotaka kitanuke. Kikaiva wekundu wa cheri. Nikaondoa moto, nikangoja wekundu ufifie, nikagusisha mshumaa kwenye mshono. Nta inayeyuka na kuvutwa ndani ya uzi, mahali ambapo dawa ya kopo haikufika. Kisha, na hapa wengi huona ninachezea kazi, nikakaza kidogo kwanza. Ikalia *kii!* Ndiyo sauti unayoingoja. Robo nyuma, kidogo mbele, robo nyuma. Ukivuta moja kwa moja bila kurudi, chembe za kutu zinalima uzi, na sensa inatoka imevaa springi ya chuma iliyokuwa uzi wa bomba lako. Hapo ni kuwelidi kiti kipya.

Ilitoka. Nikapitisha tapu, kile chuma cha kusafishia uzi, ya 18 kwa 1.5 iliyopakwa grisi ili iokote vumbi la chuma, nikalikung'uta bomba. Mpya huja na grisi yake kwenye uzi. Isiyokuja nayo hupakwa ile ya shaba, kiasi kidogo, kwenye uzi tu. Ikigusa ncha umeiua. Na silikoni ya gasketi isikaribie, moshi wake ni sumu kwa sensa.

Jioni nikaenda Donholm kumfungia bomba. Likakaa, gasketi mpya zikakaa, injini ikawaka. Taa ya injini nayo ikawaka, haina habari.

"Ile mashine," nikamwambia, "ulipiga picha?" Akatoa simu. Picha ilisema P0141. Hita ya sensa ya *nyuma*. Nikarudi chini ya gari na tochi. Sensa ya nyuma ilikuwa imekaa vizuri, lakini waya mmoja wa hita ulikuwa umekatwa na meno ya panya, na kando yake kulikuwa na kiota cha sponji ya kiti.

Nikaunganisha kwa kibano cha waya, bila risasi ya kuchomelea, kwa sababu sensa nyingi za aina hii huvuta hewa safi kupitia ndani ya nyaya zake, na risasi na dawa yake huziba njia. Nikafuta kosa. Taa ikazima.

Mteja alitazama dashibodi muda mrefu. Kisha akaenda kwenye buti, akatoa ile sensa ya zamani: haina nyaya, imeungua, soketi yangu ya 21 bado imekwama kichwani.

"Fundi, tukirudisha hii," akauliza, "ile mpya dukani wataikubali? Niko na risiti."