Kunoa Timu Ni Kazi, Iandikwe Kwenye Mkataba

Mikataba mingi ya walimu wa shule binafsi ina kifungu kifupi karibu na mwisho: mwalimu atafanya pia kazi nyingine atakazopangiwa na uongozi. Tunatia saini, tunaanza kazi, halafu muhula ukishachanganya mwalimu wa kemia anaambiwa kuwa timu ya mpira wa wavu ni yake.

Wasiohusika huona mazoezi ya jioni tu. Hawaoni barua za ruhusa kwa wazazi, usafiri wa mechi za ugenini, jezi zinazopotea, mzazi anayepiga simu usiku kuuliza kwa nini mwanawe amewekwa benchi, wala Jumamosi nzima inayoishia ndani ya basi. Madaftari yanasubiri kusahihishwa, na kesho asubuhi kipindi cha kwanza ni cha mwalimu huyohuyo.

Shule nyingi za bweni za kulipia nchini Marekani zimezoea mtindo huu tangu zamani: mtu mmoja afundishe, anoe timu, kisha alale bwenini akiangalia wanafunzi. Kanuni za kazi za serikali kuu ya huko humhesabu mwalimu anayetumia muda mwingi kunoa timu kuwa bado yumo katika kufundisha, kwa hiyo hazimpi haki ya malipo ya saa za ziada. England, mwalimu wa shule ya umma inayofuata masharti ya kitaifa hawezi kupangiwa na mwajiri zaidi ya saa 1,265 kwa mwaka. Shule binafsi hazifungwi na ukomo huo.

Mimi naamini sana michezo. Mtoto asiyefungua mdomo darasani unaweza kumkuta uwanjani akiwapanga wenzake, na mwalimu aliyemwona huko hatamchukulia tena kuwa mzito. Ndiyo maana inaniuma kazi yenye thamani hivi kudaiwa kama fadhila.

Ila kinachonitia hofu hasa ni usalama. Mtoto akigongwa kichwa na ikashukiwa kuwa ubongo umetikisika, atolewe mara moja na asirudi kucheza siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa, kwa sababu dalili nyingine huchelewa kujitokeza. Aliyezidiwa na joto hadi akaanza kuchanganyikiwa anatakiwa kupozwa mwili palepale wakati msaada unaitwa. Hapo dakika zina maana. Mwalimu wa historia aliyekabidhiwa filimbi na mfuko wa mipira atayajulia wapi haya? Na baya likitokea, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Shule inayotaka mwalimu anoe timu iandike ni mchezo gani, kwa msimu wa muda gani, na Jumamosi ngapi. Impunguzie vipindi, au imlipe posho inayolingana na saa zenyewe. Mafunzo ya huduma ya kwanza yatangulie mazoezi ya kwanza. Mwenye mtoto mchanga au mzazi mgonjwa nyumbani aweze kukataa bila kuambiwa hana moyo wa kujitolea.

Viongozi wa shule hujibu kwamba ada haitoshi kuajiri makocha. Nawaelewa, lakini pengo hilo halizibwi kwa usiku wa mwalimu. Isiyomudu timu kumi iwe na nne, mikononi mwa watu waliokubali kuzinoa na waliofundishwa namna ya kuzinoa.