Punguza Risasi, Mkondo Utafanya Kazi

Ushauri ule ule kwa wavuvi wa ndoano umerudi tena: chambo chako, nyungunyungu wa plastiki, hafiki chini ya maji, basi ongeza risasi, ule uzito wa kumzamisha. Bado hajafika? Ongeza nyingine. Kwa mwendo huo tutaishia kutupa nanga mtoni na kungoja besi wa mdomo mdogo, samaki tunayemwinda, aje kuikagua.

Besi wa mtoni hashindani na maji ya mbio siku nzima. Anajibanza nyuma ya jiwe, au pale maji ya kasi yanapopakana na maji ya pole, uso umeelekea mto unakotoka, akingoja aletewe kamba wa mtoni, kisamaki au mdudu. Riziki yake inakuja ikisukumwa na mkondo. Sasa wewe unafunga gramu 10, risasi inajichomeka kati ya mawe mawili, na nyungunyungu wako anasimama kidete wakati kila kitu kingine kinapita. Samaki gani atadanganyika? Na hapo ni kama hujanasa. Ukinasa, ndoano imekwenda, au uingie majini kuinasua na kuwatawanya samaki wote.

Kwenye maji ya kina cha mita 1 hadi 1.5, yanayokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, anza na ndoano yenye kichwa cha risasi cha gramu 2, ukizidisha sana 3.5, na nyungunyungu wa sentimita 7 hivi. Tupa kwa mshazari kuelekea mto unakotoka, mita 2 au 3 kabla ya jiwe, ili awe ameshazama anapolifikia. Inua ncha ya fimbo, kisha kunja mshipi unaolegea kwa kasi ile ile ya maji. Ukiukaza, nyungunyungu anaiacha njia yake na kukatiza mto, jambo ambalo hakuna mdudu anayelifanya. Ukiulegeza mno, samaki atamtema kabla hujajua kitu. Akigusa jiwe mara moja moja na kuendelea, uzito umekaa sawa. Akikwama kila mara, punguza. Asipogusa kabisa, kwanza tupa mbali zaidi kuelekea mto unakotoka; risasi iwe jambo la mwisho.

Mkondo ukiwa pole, toa risasi yote. Nyungunyungu wa sentimita 10 hadi 13 aliyetiwa chumvi huzama mwenyewe. Mvishe kipete cha mpira katikati, pitisha ndoano chini ya kipete hicho, na ncha zote mbili zitatikisika akishuka; bila kipete atachanika upesi. Mshipi ukienda kando au ukilegea ghafla, vuta hapo hapo. Wanaongoja “ammeze vizuri” ndio wanaotoa ndoano kooni.

Haya, nakubali: shimo la mita 4, mto uliojaa, au upepo unaopeperusha mshipi, vinahitaji gramu 5, hata 7. Saba, si kumi na nne.

Rangi? Kahawia na kijani kibichi. Nyingine nyingi zimetengenezwa kumnasa mvuvi, na zinamnasa kweli.

Nyungunyungu waliochanika rudini nao nyumbani, jamani. Plastiki hiyo haiozi mtoni, na samaki akiimeza inaweza kuvimba tumboni mwake. Na wale wanaonyumbuka kama mpira msiwaweke kisanduku kimoja na wa kawaida: watayeyushana, mfungue mkute uji.