Mshtakiwa wa Wati 4

Kabla sijaanza naomba ieleweke kwamba mimi si mjinga. Nasema mapema kwa sababu ukishamaliza kusoma hutaniamini.

Ugonjwa wangu ulianza na plagi moja. Ni zile plagi janja: unaichomeka ukutani, kifaa chako unakichomeka juu yake, inakuwashia, inakuzimia, na zaidi ya yote inakupimia umeme unaoliwa. Nikaambiwa nipakue programu yake, nifungue akaunti, nitoe barua pepe, nikubali masharti marefu kama wosia wa tajiri mwenye wake wengi. Nikakubali. Ikafanya kazi vizuri wiki nzima. Siku intaneti ilipokata, nikabonyeza simu kuzima feni iliyokuwa hatua mbili kutoka nilipokaa, simu ikabaki inazungusha kiduara. Kumbe amri yangu ilikuwa ikisafiri kwanza hadi kwenye seva za watu huko mbali, ndipo irudi kuzima feni ambayo hata mguu wangu unaifikia. Ujanja wote ulikuwa wa kuazima.

Nikaapa. Nyumba yangu itajiendesha yenyewe, humu humu ndani, bila kumwomba mtu wa nje ruhusa. Nikatafuta kompyuta ndogo, kama pakiti ya karata, nikaiwekea Home Assistant, programu ya bure ya kuendesha nyumba, kisha nikaipachika kijiti cha redio ya Zigbee, lugha ya mawimbi ya vifaa vya nyumbani, ili iongee na vifaa moja kwa moja. Kilichobaki ni kuchagua plagi.

Kuchagua plagi kulinila miezi miwili. Watu wanachagua wenzi wa ndoa kwa muda mfupi zaidi.

Kwanza nilijifunza kutoamini boksi. Boksi likiandikwa "inafanya kazi na nyumba janja" halijakuambia kitu. Hata nembo ya Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa vya nyumba janja, ambayo watu wanaitaja kama hirizi, haimaanishi plagi inapima umeme; upimaji uliingia kwenye kiwango hicho na toleo la 1.3, mwaka 2024, na plagi nyingi zenye nembo kazi yao ni kuwasha na kuzima tu. Jaribio langu likawa moja: chomoa waya wa intaneti, kisha uiamuru. Ikitii, tuongee. Za Wi-Fi zipo zinazotii, hasa zile zinazokubali kubadilishwa programu ya ndani ukaweka Tasmota au ESPHome. Lakini mimi nilishaupenda Zigbee, kwa sababu plagi ya Zigbee ni mpokezi pia: inachukua ujumbe wa jirani yake na kuusukuma mbele. Kadiri plagi zinavyoongezeka ndivyo mtandao unavyoimarika. Hoja hiyo ya kisayansi ndiyo iliyonifanya ninunue 12.

Upimaji wenyewe niliujaribu kwa balbu ya kizamani iliyoandikwa wati 60. Plagi ya kwanza ikasema 58. Ya pili 61. Ya tatu ikasema 0, ikakaa hivyo hivyo muda mrefu, nikawa naitazama na yenyewe inanitazama, balbu inawaka peee, halafu ghafla ikashtuka: 59! Haikuwa mbovu. Ilikuwa mvivu wa kuripoti, kama zilivyo nyingi, hadi muda uliowekwa ufike au namba ibadilike vya kutosha. Ukitaka kupima kitu kidogo kama chaja ya simu isiyo na simu, nyingine zitakuapia kwamba hakuna kitu. Na nyingine ina kitambi, ukiichomeka inafunika na tundu la jirani. Hayo hutayakuta kwenye maelezo ya bidhaa.

Basi nikazipachika zote. Friji, feni, mashine ya kufulia, redio, ruta, televisheni, kila kitu kikapata mlinzi. Na kompyuta ndogo inayoendesha nyumba nayo nikaipa plagi, maana nilitaka kujua mkuu wa nyumba anakula kiasi gani. Wati 4. Nilijivuna kama mzazi aliyeletewa ripoti nzuri ya shule.

Hapo nikawa mtu wa grafu. Nikiamka, grafu. Nikila, grafu. Na ndipo nilipoona kwamba televisheni, ikiwa imezimwa, inaendelea kula wati 1. Usiku kucha! Nikapiga hesabu: mwaka una saa 8760, wati 1 ukiizidisha hivyo ni karibu uniti 9. Uniti 9 zinaibiwa sebuleni kwangu na kitu chenye kitaa chekundu. (Kwamba kila plagi nayo inakula karibu nusu wati ili iwe hai, na kwamba plagi 12 kwa mwaka ni uniti zaidi ya 50, hesabu hiyo niliipiga baadaye sana na sikumwonyesha mtu.)

Nikatunga sheria. Nikaiita Wezi wa Usiku. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri, kila baada ya dakika 10, kompyuta ipitie plagi zote kwa mpangilio wa alfabeti. Itakayokutwa inatumia chini ya wati 20, ikatwe. Kati ya plagi moja na nyingine nikaweka sekunde 10 za kupumua. Nilifikiria kuweka orodha ya vifaa vya kusamehewa, nikasema hapana, sheria ni msumeno.

Usiku wa kwanza wa sheria, mama alikuwa amekuja kunitembelea.

Kama saa 6 na dakika 20 nikasikia mlango wa chumba chake, kisha nyayo, kisha tak, tak, tak. Alikuwa anabonyeza kitufe cha taa ya ukumbini, kile kisicho na waya, nilichombandikia mimi mwenyewe siku hiyo huku nikimhutubia kuhusu maisha ya kisasa. Swichi halisi nilikuwa nimeiziba kwa gundi ya karatasi ili mtu asiizime.

"Mwanangu, umeme umekatika?"

"Ndiyo mama, tumia tochi, utarudi tu."

Kimya. Halafu: "Mbona ile nyekundu ya televisheni inawaka?"

Nikaamka. Kweli, sebule yote giza, kile kitaa chekundu kinang'aa peke yake kama jicho la mtu anayekucheka. Nikafungua simu. Wi-Fi ipo, intaneti ipo, nyumba haipo. Kompyuta haipatikani. Na Zigbee yote inamtegemea kijiti kilichopachikwa kwenye kompyuta hiyo. Akifa yeye, vitufe vinaongea na hewa.

Nikabandua gundi kwenye swichi ya ukumbini, nikazima na kuwasha. Taa haikuwaka. Mtaalamu mimi nilikuwa nimeziagiza balbu zote kwamba umeme ukikatika na kurudi, zirudie hali zilizokuwa nayo mwanzo, zisije zikawaka zote usiku wa manane zikatuamsha. Zilikuwa zimezimwa. Kwa hiyo zikarudi kuzimwa, kwa utii mkubwa.

Nikaenda swichi kuu. Nikazima nyumba nzima, nikahesabu hadi 10, nikawasha. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba plagi nazo nilizipa agizo lile lile.

"Unatafuta nini?" mama aliuliza. Alikuwa amesharudi kutoka chooni, amekaa kwenye kochi na tochi ya simu, amejifunika khanga, anafuatilia.

"Nafanya uchunguzi, mama."

Kompyuta ipo nyuma ya kabati. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono hadi bega, vumbi likaniingia puani, vidole vikaigusa plagi. Kitaa chake hakiwaki. Nikaikuta ile batani yake ndogo ya pembeni, nikabonyeza. Tak. Kompyuta ikawaka! Ilikuwa saa 6 na dakika 37. Inahitaji kama dakika 3 kuamka. Nikajifuta vumbi, nikamwambia mama tatizo limekwisha, nikafungua simu, picha ya nyumba yangu ikaanza kuchoreka chumba kwa chumba, nikagusa taa ya sebule ikawaka, mama akasema "alhamdulillahi".

Tak.

Kompyuta imekufa. Mama akanitazama. Taa ya sebule yenyewe haikuzimika, ila sasa hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuizima.

Nikashuku chaja yake. Nikashuku kadi ya kumbukumbu. Nikashuku hata kijiti. Nikalala tena kifudifudi, nikabonyeza, saa 6 na dakika 42. Ilipoamka nikaingia moja kwa moja kwenye daftari la matukio ili nimjue mbaya wangu. Limeandikwa: saa 6:00:00, Feni imezimwa. Saa 6:00:10, Friji imezimwa. Baada ya hapo hakuna neno lolote.

Nikakaa na lile daftari. Feni, kisha Friji, kisha kimya. Nani anafuata baada ya Friji? Nikaanza kuhesabu alfabeti kwa vidole kama mtoto wa chekechea. F, G, H, I, J...

K.

Damu ikanishuka hadi kwenye nyayo. Mkuu wa nyumba alikuwa amepita plagi kwa plagi na msumeno wake, akamfikia mtu anayekula wati 4 tu usiku wa manane, akamwona ni mwizi kama wezi wengine, akamkata. Hakujua ni yeye. Mashine ya kufulia, redio, ruta na televisheni, zote zilikuwa kwenye foleni nyuma yake na hakuna iliyoguswa. Wote waliosalimika walisalimika kwa sababu hakimu alijinyonga kabla hajawafikia.

Nilikuwa bado nastaajabu utamu wa jambo hilo ilipofika saa 6 na dakika 50. Tak.

"Imekufa tena?" mama aliuliza.

"Mama, sasa nimeshaelewa. Nahitaji dakika 5 tu."

Raundi ya tatu. Kubonyeza, saa 6 na dakika 52. Kuamka, saa 6 na dakika 55. Nina dakika 5 kabla ya msumeno kurudi. Mtu mwenye akili angeifuta ile sheria, ni kubonyeza mara mbili. Mimi nikaona ni nafasi nzuri ya kuiboresha. Nikafungua maandishi yake kwenye simu, jasho linatiririka, nikaongeza mstari wa msamaha: kata wote isipokuwa Komputa. Nikahifadhi na dakika 1 ya ziada. Nikaiweka simu mezani taratibu kama mtu aliyeshinda mchezo wa bao.

"Mama, kwisha."

Tukaitazama saa pamoja. Saa 7 kamili ikafika, ikapita. Sekunde 10. Nikatabasamu. Sekunde 20.

Tak.

Herufi y. Nilimsamehe Komputa, na humu ndani anaishi Kompyuta.

Mama akanyanyuka. Akaja pale kwenye kabati, akamulika nyuma na tochi yake, akaangalia kwa muda ile plagi nyeupe iliyochomekwa ukutani na waya wa kompyuta uliochomekwa juu yake.

"Mwanangu," akasema kwa upole ule unaouma, "kwani huo ukuta hauna umeme?"

Sikumwelewa. Naapa, sikumwelewa. Kwa miezi yote ile plagi ilishakuwa sehemu ya ukuta machoni pangu. Yeye akaingiza mkono, akaichomoa ile plagi, akachomeka waya wa kompyuta kwenye tundu la ukutani, akanipa plagi mkononi, akaenda kulala.

Kompyuta ikaamka. Nikaifuta sheria. Nikalala saa 8 nikiwa mtu mdogo kuliko nilivyoamka.

Asubuhi nilifungua friji, taa ya ndani haikuwaka. Nikamwambia mama balbu ya friji imeungua, nitaibadilisha mwisho wa wiki. Hakusema kitu. Nadhani alikuwa ananipumzisha. Nikaenda zangu kwenye kompyuta kuandaa mpango mpya, safari hii wenye orodha ya msamaha iliyohakikiwa herufi kwa herufi.

Alasiri nikasikia kandambili jikoni: chwa, chwa, chwa.

"Mwanangu!"

Maji yalikuwa yameshatoka chini ya friji yamefika mlangoni. Lile barafu nene la juu, ambalo nilikuwa naahidi kuliyeyusha tangu mwaka jana, lilikuwa limejiyeyusha lenyewe. Nikafungua simu, nikarudi kwenye daftari, nikausoma upya ule mstari niliousoma usiku kwa macho yangu mawili: saa 6:00:10, Friji imezimwa. Kompresa yake ilikuwa imepumzika tu kidogo, kama za friji nyingi zinavyopumzika, ikakutwa na wati 2.

"Na hili nalo," mama aliuliza akiwa amekunja khanga hadi magotini, "uliliita mwizi?"

Nikachukua ndoo na dekio. Kila nikienda kumwaga maji nilipita sebuleni, na kila nikipita kile kitaa chekundu kilikuwa kinawaka.